Barry Evans alituchekesha bila kutucheka

Ukimtajia Mkenya aliyevuka umri wa miaka arubaini jina la Barry Evans, yumkini atatikisa kichwa kuashiria kwamba hamjui. Hebu mwambie kwamba unamzungumzia Bwana Brown, yule mwalimu mpole wa Kiingereza katika kipindi cha Mind Your Language, na papo hapo uso wake utakunjuka. Ataanza kukuigizia yule Kalasinga aliyeunganisha viganja na kuomba radhi mara elfu moja kwa kila kosa. Atamkumbuka yule Mpakistani ambaye tabasamu lake halikuwa na mwisho, na yule binti wa Kichina aliyejihami kwa kijitabu chekundu cha Mwenyekiti Mao. Atawataja wanafunzi mmoja baada ya mwingine. Mwalimu atamtaja mwisho, au atamsahau kabisa.

Leo nimekusudia kuandika juu ya huyo anayetajwa mwisho. Mnamo Februari 1997, polisi walifika kwenye nyumba moja katika kijiji cha Claybrooke Magna, eneo la Leicestershire nchini Uingereza, kumwarifu mwenye nyumba kwamba gari lake lililokuwa limeibwa lilikuwa limepatikana. Walimkuta amefariki. Alikuwa na umri wa miaka 53, na katika miaka yake ya mwisho alijipatia riziki kwa kuendesha teksi. Kijana mmoja alikamatwa kuhusiana na kifo hicho, kisha akaachiliwa bila kufunguliwa mashtaka kwa kukosekana ushahidi. Afisa wa serikali anayechunguza vifo vya ghafla alitoa uamuzi ulioliacha suala wazi. Hadi leo halijafungwa.

Huo ndio uliokuwa mwisho wa mtu ambaye sura yake iliingia katika sebule za mataifa mengi. Mind Your Language kilionyeshwa India, Sri Lanka, Malaysia, Nigeria na hapa kwetu, ambako televisheni ya taifa ilikirudia mara kadha wa kadha. Wengi wetu tulikitazama tukiwa tumebanana nyumbani kwa jirani aliyebahatika kuwa na runinga, watoto sakafuni na watu wazima vitini, na hakuna aliyekubali kwenda kulala kabla hakijamalizika. Nani angedhani kwamba mwalimu yule nadhifu, mwenye uso usiozeeka, siku moja angekuwa akisubiri abiria kando ya barabara?

Tuanze basi na maisha yake, kwa maana hayakuwa ya raha tangu mwanzo. Evans alizaliwa Juni 1943 mjini Guildford, kusini mwa Uingereza, akatelekezwa angali mtoto mchanga. Alilelewa katika makao ya Barnardo, shirika la hisani lililowatunza watoto mayatima na walioachwa. Kipaji chake kilijitokeza mapema. Alijiunga na chuo cha Italia Conti kilichowafunza vijana sanaa ya jukwaani, kisha akapata ufadhili uliopewa jina la mwigizaji mashuhuri John Gielgud, akasomea katika Central School of Speech and Drama jijini London. Mtoto asiyekuwa na mbele wala nyuma alijitengenezea njia kwa jasho lake mwenyewe.

Mnamo 1968 alipewa nafasi ya mhusika mkuu katika filamu ya Here We Go Round the Mulberry Bush, iliyoelekezwa na Clive Donner. Mwaka uliofuata aliingia katika televisheni kupitia Doctor in the House, kipindi cha vichekesho kuhusu wanafunzi wa udaktari, ambapo aliigiza kama kijana Michael Upton. Miongoni mwa walioandikia kipindi hicho walikuwamo John Cleese na Graham Chapman, ambao baadaye walipata umaarufu mkubwa kwa vichekesho vya namna nyingine. Evans aliendelea na nafasi hiyo hadi Doctor at Large ya 1971, kisha akaamua kuacha. Hakutaka kufungwa na mhusika mmoja. Miaka iliyofuata haikumkirimu. Mnamo 1976 alikuwa mhusika mkuu wa filamu ya vichekesho vya kiwango cha chini iliyoitwa Adventures of a Taxi Driver, yaani visa vya dereva wa teksi. Kazi ambayo aliifanya kwa mzaha mbele ya kamera ndiyo aliyokuja kuifanya kwa dhati ili apate mkate.

Mwishoni mwa 1977 ndipo kampuni ya London Weekend Television ilipoanza kuonyesha Mind Your Language, kilichoandikwa na Vince Powell. Kisa chenyewe ni chepesi. Jeremy Brown, kijana aliyehitimu Oxford, anaajiriwa kufundisha Kiingereza katika masomo ya jioni ya watu wazima jijini London. Mkuu wa shule, Bi Courtenay, hamtaki, kwa kuwa yeye alitaka mwalimu wa kike. Wanafunzi ni wageni kutoka kila pembe: Mtaliano, Mgiriki, Mfaransa, Mjerumani, Mhispania, Mjapani, Mchina, Mpakistani na Wahindi. Kila mmoja amekuja na Kiingereza chake alichokiokota njiani. Mwalimu akitamka neno lenye maana mbili, wao hushika ile asiyoikusudia. Akiwapa msemo, wao huuchukua neno kwa neno. Na hapo ndipo kicheko kinapozaliwa.

Ningependa msomaji atambue ugumu wa kazi aliyofanya Evans. Katika vichekesho vya namna hii, kila mwigizaji hupewa silaha yake: huyu lafudhi, yule vazi, mwingine ishara ya mikono. Mwalimu peke yake hana silaha yoyote. Hana kilemba, hana lafudhi, hana neno la kurudiarudia. Kazi yake ni kusimama katikati ya darasa, kupokea kila jibu la ajabu kwa uso wa mtu anayefikiri, kisha kusubiri. Akicheka mapema, mzaha umeharibika. Akikasirika mno, mtazamaji atawahurumia wanafunzi na hatacheka tena. Akiwadharau, kipindi chote kitageuka matusi. Evans alikuwa kinoo ambacho wenzake walinolea visu vyao. Kisu husifiwa kwa makali yake, lakini ni wangapi wanaokisifu kinoo?

Mtazame tena ukipata nafasi, na usiwaangalie wanaozungumza; mwangalie yeye anayesikiliza. Utaona jinsi nyusi zinavyopanda kidogo, jinsi midomo inavyofunguka ikataka kusahihisha kisha ikafungwa, na jinsi anavyomeza pumzi kabla ya kumgeukia mwanafunzi anayefuata. Mwanafunzi anapopatia jibu, hata la bahati nasibu, furaha ya mwalimu ni ya kweli. Wanafunzi wanapoingia matatani na polisi au na waajiri wao, yeye ndiye anayekwenda kuwatetea, na aghalabu ndiye anayeishia kuumbuka. Ualimu ule tuliuamini kwa sababu aliyeuigiza aliuamini.

Si haki, hata hivyo, kumsifu marehemu huku tukinyamazia lawama iliyokiandama kipindi chenyewe. Mnamo 1979, baada ya misimu mitatu na sehemu 29, Michael Grade, aliyekuwa mmoja wa wakuu wa vipindi katika kampuni hiyo, aliamua kukikatiza. Hoja yake ilikuwa kwamba kipindi kiliwachora wageni kwa kalamu moja, kila taifa likapewa kituko chake, na kwamba jambo hilo liliudhi. Kilifufuliwa 1986 kwa sehemu nyingine 13, lakini si maeneo yote ya Uingereza yaliyokubali kukionyesha.

Hoja hiyo haikuwa ya kupuuzwa. Uingereza ya miaka ile haikuwa salama kwa mgeni mwenye ngozi nyeusi au ya kahawia. Mwanasiasa Enoch Powell alikuwa ametoa hotuba yake ya uchochezi dhidi ya wahamiaji mnamo 1968, na chama cha National Front kiliandamana barabarani kikitaka wafukuzwe. Mtoto wa Kipakistani aliyetazama kipindi usiku pamoja na wazazi wake huenda alicheka kama wengine. Lakini asubuhi alipofika shuleni, wenzake walikuwa na lafudhi mpya ya kumkejelia. Mzaha unaoanza studioni haubaki studioni. Huteremka barabarani na kukutana na watu wasiokuwa na ustaarabu wa aliyeuandika.

Fauka ya hayo, waigizaji wenyewe hawakuwa watu wa mataifa waliyoyaigiza, angalau wengi wao. Albert Moses aliyeigiza Ranjeet Singh alikuwa mzaliwa wa Sri Lanka. Mgiriki aliigizwa na Kevork Malikyan, Muarmenia aliyezaliwa Uturuki. Mfaransa aliigizwa na Françoise Pascal, mzaliwa wa Mauritius, na Mhispania na Ricardo Montez wa Gibraltar. Pik-Sen Lim, yule binti wa Kichina, alizaliwa Malaysia, naye Dino Shafeek, Mpakistani wetu mwenye tabasamu, alizaliwa Dhaka, mji ambao leo ni makao makuu ya Bangladesh, akafariki 1984. Maana yake ni kwamba hatukuwa tukimwona Mhispania wala Mgiriki. Tulikuwa tukiuona mfano wao uliokuwa umekwisha kutengenezwa vichwani mwa Waingereza. Hilo nalikubali.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo wakosoaji wa London hawakuweza kuliona, kwa sababu lilitokea mbali nao. Mtazamaji wa Uingereza alikitazama kipindi akiwa amesimama upande wa mwalimu. Kiingereza ni chake. Wanaokivunja ni wengine. Sisi tulikaa kwenye madawati. Kiingereza tulifundishwa, tena kwa kiboko. Tuliijua ile hofu ya kuulizwa swali mbele ya darasa na neno likakwama kooni. Tuliijua fedheha ya kutamka neno kama lilivyoandikwa, kisha tukaambiwa kwamba Waingereza huandika hivi na kusema vile, bila sababu yoyote ya maana. Kwa hiyo Ranjeet alipokosea, hatukumcheka kama watu wa juu wamchekavyo wa chini. Tulicheka kwa ahueni ya mtu aliyegundua kwamba hayuko peke yake. Tena tuliicheka lugha yenyewe kwa ukaidi wake. Sidhani ni sadfa kwamba kipindi hiki kilipendwa mno katika nchi zilizowahi kutawaliwa na Uingereza.

Kulikuwa pia na sababu za nyumbani. Kalasinga hakuwa kiumbe cha ajabu kwa Mkenya. Tulimjua kama fundi, mkandarasi na seremala. Tena tulikuwa na Joginder Singh, aliyeshinda mbio za magari za Safari mnamo 1965, 1974 na 1976, akashangiliwa nchi nzima kwa jina la Simba. Nalo darasa la watu wazima halikuwa jambo geni. Mwaka uleule wa 1979 ambapo Grade alikuwa akikifunga kipindi kule London, serikali yetu chini ya Rais Moi ilianzisha kampeni kubwa ya kufuta ujinga, na wazee wetu wakaketi jioni chini ya miti na ndani ya makanisa kujifunza kusoma na kuandika. Ngumbaru, ndivyo tulivyoyaita masomo hayo. Mzee aliyeshika penseli kama ashikavyo mpini wa jembe hakuwa wa kuchekwa. Alikuwa shujaa. Bwana Brown, kwa ule uvumilivu wake, alifanana na walimu wa ngumbaru kuliko alivyofanana na baadhi ya walimu walionifundisha mimi.

Nalisema hili kwa uchungu. Katika shule ya msingi niliyosomea, ambayo sina haja ya kuitaja, palikuwa na kipande cha mbao kilichotundikwa shingoni mwa mtoto aliyepatikana akizungumza lugha ya mama. Kilipita kutoka shingo hadi shingo mchana kutwa, na jioni kila aliyekuwa amekivaa alicharazwa. Sehemu nyingi za nchi yetu zilikuwa na chao cha namna hiyo. Wengine walikiita diski, wengine monto. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetuacha Mei 2025, alilieleza jambo hili katika Decolonising the Mind, kitabu alichokichapisha 1986, akaonyesha jinsi mtoto anavyofundishwa kuona haya kwa ulimi wa mamake. Hapo ndipo tulipojifunzia kuchekana kwa lafudhi. Hatukujifunza kwa Vince Powell.

Na tumekuwa wanafunzi hodari. Mgikuyu akibadilisha l kuwa r, kicheko kinapasua paa. Mjaluo asipoitamka sh, anaulizwa kama alisoma. Mkamba, Mluhya na Mkalenjin nao wana zamu yao. Mtu wa bara akifika Mombasa na kuvuruga ngeli, watoto wa mtaani wanamkoroga. Naye mtu wa pwani akipanda Nairobi na Kiingereza chake cha kujikongoja, ofisini wanakonyezana. Nimewahi kuwaona watu wenye hoja nzito wakinyamaza mikutanoni kwa kuhofia kuchekwa, huku wasio na la kusema wakijaza ukumbi kwa matamshi mazuri. Nchi inapoteza nini kwa sababu ya ukimya huo? Ni mashahidi wangapi wametatizika kortini, na ni wagonjwa wangapi wameshindwa kumweleza daktari wanapoumwa, kwa sababu walijua ulimi wao utawaaibisha? Wahenga walituonya kwamba mcheka kilema hafi bila kumfika, na ulimi wa mamako si kilema hata kidogo.

Je, ina maana kwamba tusitaniane kabisa? La hasha. Nchi isiyoweza kujicheka ni nchi mgonjwa. Suala ni namna ya kucheka, na kwa hilo tunaye mwalimu wetu wa papa hapa. Benson Wanjau, aliyefahamika kote kama Mzee Ojwang', alikuwa Mgikuyu aliyeigiza mzee wa Kijaluo katika Vitimbi kwa miaka na mikaka. Kwa hesabu ya haraka, huyo ni mtu wa kabila moja akikejeli lafudhi ya kabila jingine, tena makabila ambayo siasa imeyachochea yachukiane. Mbona basi Kisumu ilimpenda kama Nyeri? Kwa sababu mzee aliyemuumba hakuwa mjinga. Alikuwa mjanja, mkaidi, mwenye maneno, mara akishinda na mara akishindwa na Mama Kayai, kama mzee yeyote wa kweli. Lafudhi ilikuwa vazi lake tu. Utu wake ulikuwa chini ya vazi hilo, na kila mtu aliuona.

Evans na Wanjau hawakuwahi kukutana, lakini nawaweka pamoja kwa sababu mbili. Ya kwanza nimekwisha kuitaja: wote wawili walijua kuchekesha watu bila kuwacheka. Ya pili ni chungu zaidi. Mzee Ojwang' aliiacha sanaa macho yake yakiwa yamedhoofika, na wananchi walipopata habari za hali yake ilibidi wachange ili atibiwe. Alifariki Julai 2015 katika Hospitali Kuu ya Kenyatta. Siku chache baadaye zikamiminika sifa kutoka kwa wakubwa, kila mmoja akieleza alivyompenda. Fadhila za punda ni mateke, na fadhila za msanii, hapa kwetu na hata Uingereza ilikoendelea, mara nyingi ni rambirambi.

Kuna wanaosema kwamba kilichomwangusha Evans ni uso wake. Alibaki na sura ya kijana hata alipofikisha miaka arubaini na kuendelea, na waajiri hawakujua pa kumweka: hakuwa kijana tena, na hakufanana na baba wa mtu. Pengine ni kweli. Filamu yake ya mwisho, The Mystery of Edwin Drood, ilitoka 1993. Lakini mimi sikubali kwamba mwigizaji anapokosa kazi mpya basi na zile za zamani hazina thamani. Zina thamani kubwa. Vipindi vyake viliendelea kusafiri. Vilirudiwa katika vituo vya televisheni, vikauzwa katika kanda za video, na leo vimo katika simu za vijana ambao hawakuwa wamezaliwa alipokufa. Kazi ya mikono ya seremala huuzwa mara moja. Kazi ya mwigizaji huuzwa tena na tena, na kila inapouzwa kuna anayepokea fedha.

Swali ni nani anayezipokea. Hili si swali la Waingereza pekee. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 inatambua kwamba mwigizaji ana haki katika uigizaji wake. Mnamo 2012 mataifa yalikutana Beijing yakapitisha mkataba unaohusu waigizaji wa filamu na televisheni, ambao ulianza kutumika 2020. Karatasi basi hazikosekani. Kinachokosekana ni mkataba wa kazi wenye kifungu kinachosema wazi kwamba kipindi kikirudiwa, aliyekiigiza atalipwa. Aghalabu mwigizaji wetu hulipwa ujira wa siku aliyorekodi, akatia sahihi au asitie, akaenda nyumbani. Miaka ishirini baadaye anajiona kwenye skrini ya hoteli akiwa kijana, huku mfukoni hana nauli ya kurudi kijijini.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, wala si mazito. Kwanza, vituo vyote vya televisheni, kuanzia kile cha taifa tunachokilipia kodi, viweke katika kila mkataba malipo ya marudio, na malipo hayo yaendelee kwa warithi. Pili, vyama vya waigizaji viwe na hazina ya uzeeni na ya matibabu ambayo kila mwanachama anaichangia angali ana kazi, ili tusingoje kupitisha bakuli msanii akiwa kitandani. Tatu, Wizara ya Elimu ihakikishe kwamba hakuna shule, ya umma wala ya kibinafsi, inayoendelea kumwaibisha mtoto kwa sababu ya lugha aliyonyonya. Mwalimu anayetaka kujua namna ya kusahihisha bila kudhalilisha anaweza kutazama sehemu mbili tatu za Mind Your Language, aone jinsi Bwana Brown alivyofanya.

Najua kuna atakayeniuliza: kwa nini tupoteze wino kwa Mwingereza aliyekufa 1997, ilhali wetu tunao na hatujawalilia vya kutosha? Nami nitamjibu kwamba deni ni deni. Kwa miaka mingi mtu huyu aliingia nyumbani kwetu bila kubisha hodi, akatufunza kwamba anayebabaika katika lugha ya kigeni si mpumbavu, kwamba yuko safarini tu na anastahili kusubiriwa. Aliyefunza hayo alikuwa mtoto asiyekuwa na nyumba, akafa akiwa dereva ambaye huenda abiria wake wengi hawakujua ni nani aliyeshika usukani.

Tusiwangoje Barry Evans wetu wafikie hapo. Wapo mijini na vijijini, waliotuchekesha katika redio na runinga miaka ya sabini, themanini na tisini, na baadhi yao wangali hai. Ukimjua mmoja, mtembelee wiki hii. Usimwombe aigize. Mpelekee sukari na majani chai, na umwambie ni kipindi gani chake unachokikumbuka.